Maji ya Jeddah kwenye Baridi ya Riyadh

Wiki iliyopita nilinunua mistaka. Kama hujawahi kuiona, ni utomvu wa mti uliokauka, punje ndogo za manjano hafifu kama chumvi ya mawe. Muuzaji wa viungo hapa Malaz, Riyadh, huipima kwa mizani ile ile ndogo anayopimia zafarani, huku akikutazama kama mtu anayekuuzia siri. Nilirudi nayo chumbani, nikawasha kipande cha mkaa, nikadondosha punje moja. Moshi ulipanda mwembamba, mweupe, na kabla haujanijaa puani nilikuwa nimeshakuwa mtoto tena, nimelala kifudifudi juu ya mchanga wa uani kwetu Jeddah, natazama miguu ya mama yangu ikitokeza chini ya karavani.

Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mama mwenyewe alikuwa amejilaza chini kule kama fundi, na kanga yake ameifunga kiunoni ili isichafuke.

Karavani yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya bosi wa Baba. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, huvutwa na gari, na ndani ina vitanda, jiko, sinki dogo, bafu la kujibana, na chini ya sakafu yake tangi la maji. Watu wa Jeddah wenye uwezo huenda nazo pwani siku za mapumziko. Baba, ambaye ni mtu wa Mombasa, alikuwa dereva wa nyumba hiyo. Mama alikuwa mpishi wa nyumba hiyo hiyo, mtaa wa Al-Safa, nasi watatu tuliishi katika chumba cha uani. Magurudumu yalikuwa kazi ya Baba. Ndani ya karavani ilikuwa milki ya Mama, na tangi la maji alilihesabu kuwa ndani.

Madam, mke wa bosi, alikuwa Mhijazi wa kale, mwenyeji wa pwani ile ya Jeddah, ambaye hanywi maji yasiyofukizwa. Huchukua chombo kitupu, hukifunikiza juu ya moshi wa mistaka, kisha ndipo hutia maji. Kwetu Mombasa nasi twafukiza mitungi kwa ubani. Kwa hiyo Mama na madam walielewana juu ya maji kabla hawajaelewana kwa lugha. Siku ya kwanza, Mama alipenda kunihadithia, madam alimwonyesha chetezo, Mama akanusa, akacheka, na madam akacheka, halas, ajira ikaanza.

Sasa, tangi la karavani huwezi kulifunikiza juu ya chetezo. Mama akabuni njia yake. Chini ya tangi mna tundu la kutolea maji, lenye kifuniko cha kuzungusha. Alikuwa akilifungua tundu lile, anaweka chetezo chini yake mchangani, na moshi unapanda wenyewe kuingia tumboni mwa tangi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kule juu, kwenye mdomo wa kujazia maji, na kupiga kelele moshi ukitokea. "Umetoka, Mama!" Naye hufunga chini, mimi nafunga juu, tunauacha moshi humo ndani ujifikirie. Kisha ndipo mpira wa maji huletwa. "Maji ni mgeni," alikuwa akisema, akijipangusa mchanga mgongoni. "Mgeni humwingizi chumba kisichofukizwa."

Mara ya mwisho alipofanya hivyo ilikuwa kwa safari ambayo haikufanyika. Tangi lilijazwa, vitanda vikatandikwa, na Mama akasema kichwa chamuuma. Siku chache baadaye Baba alirudi kutoka hospitali akiwa amebeba viatu vya Mama ndani ya mfuko wa plastiki. Mama akazikwa siku hiyo hiyo. Mimi nilibaki na madam, ambaye alinipakata mapajani ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa, kwa sababu wanawake na watoto hatukwenda makaburini. Na makaburi ya kule hayaandikwi majina. Ni jiwe tu, jirani yake jiwe jingine. Baba peke yake ndiye aliyejua ni jiwe lipi, na nilipomuuliza lina sura gani, alisema, "La kawaida, mama." Alikuwa akiniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, na kwa muda mrefu baada ya hapo neno lile lilikuwa likimkwama kidogo.

Bosi alihamishiwa kazi Riyadh. Nyumba nzima ikafungashwa, na Baba akapewa kazi ya kuivuta karavani jangwani, safari ya kutwa. Tulipokuwa tunaondoka Al-Safa bosi alizunguka nyuma, akaona jinsi ilivyolalia magurudumu.

"Omar, mbona nzito hivi?"

"Maji, bosi. Njia ni ndefu."

Bosi alimtazama Baba, akalitazama tangi. Kila dereva anajua kuwa safari kama ile tangi huenda tupu. Bosi alipiga bodi ya karavani kwa kiganja, mara moja, kama mtu anavyompiga rafiki begani, akaingia garini.

Nyumba ya Malaz ilikuwa na ua mdogo, na karavani ilijaa humo kama ng'ombe ndani ya jiko. Hapo ndipo nilipopata mazoea yangu. Nikirudi shule nilikuwa naingia ndani, nafungua mfereji wa sinki dogo kidogo tu, pampu inanguruma chini ya kiti, na maji yanadondoka ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Nilinusa. Kisha nilikunywa polepole, na kile kisichonyweka nilijipaka kwenye nyusi. Nilikuwa nikibana sana matumizi. Nilihesabu kwamba nikienda kwa utaratibu ule, maji yale yangenifikisha mpaka niolewe. Akili yangu ya wakati ule ilikuwa hivyo, na sidhani kama imebadilika sana: maji hayo ndiyo yaliyomwona Mama mwisho, na humo ndimo alimobaki.

Kisha ikaja baridi.

Watu wa Jeddah hatukuijua baridi. Jeddah hata Januari unalala na feni. Riyadh ni kitu kingine. Upepo unashuka kutoka kaskazini ukiwa mkavu, unakuchanja midomo, na asubuhi usukani wa gari unakataa kushikwa. Baba alivaa makoti mawili na kofia ya sufu na bado alikuwa akilaumu serikali ya Riyadh kwa hali ya hewa.

Aliyetufundisha habari ya baridi alikuwa Mwangi. Mwangi alikuwa fundi wa makaravani katika gereji moja kule Al-Shumaisi, Mkenya mwenzetu, lakini wa nyanda za juu, kwao Kinangop. Ijumaa alikuwa akija kula pilau kwetu. Baba ndiye aliyekuwa mpishi siku hizo, na pilau yake Mwangi aliila kwa imani tu.

"Omari," alisema Ijumaa moja, akiiangalia karavani kupitia mlangoni, "hiyo nyumba ya bosi umeitoa maji?"

"Maji ya nini?"

"Ya tangi, mzee. Kuna sakitu inakuja. Wamesema kwa simu."

Baba aliacha mwiko. "Sakitu ndiyo nini?"

"Baridi ya kugandisha. Kwetu inachoma viazi usiku mmoja. Asubuhi unapata shamba ni nyeusi, ungedhani ni moto imepita."

"Mwangi, ndugu yangu. Hapa ni Arabuni. Watu wafa kwa jua, wewe waniletea barafu."

"Nyinyi watu wa pwani barafu mnaijua ya kutia kwa juisi tu," Mwangi alisema, akajipakulia tena. Hakubishana. Baada ya kula alichukua chupa ya soda ya kioo, akaijaza maji mpaka shingoni, akaifunga kwa nguvu na kuisimamisha juu ya ukuta wa uani. "Msiiguse. Kesho itawaambia yenyewe."

Kesho yake mimi ndiye niliyeamka wa kwanza. Nilitoka nje nimejifunga blanketi, nikaiendea chupa. Kioo kilikuwa kimepasuka, vipande vimeanguka chini ya ukuta. Lakini maji yalikuwa yamesimama pale pale, yana umbo la chupa, yana mpaka alama za shingo yake, yamesimama peke yao bila kushikwa na kitu. Niliyagusa. Yaliniuma kidole. Sijui kama nimewahi tena kuona kitu kizuri kilichonitisha kiasi kile.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Aliitazama chupa, kisha akaitazama karavani.

Alasiri ile Mwangi alirudi na mashine ya upepo, ile ya kujazia magurudumu, nyuma ya pikapu yake. Alieleza kwa kidole. Tangi ni kubwa, huchelewa kuganda, ndiyo maana jana tumepona. Lakini mabomba ni membamba, na pampu, na hita ya kupashia maji, na kona za bomba chini ya sinki, popote panapotuama maji. Yakiganda yanavimba, na yakivimba hayaombi ruhusa. Usiku unaokuja ungekuwa mbaya zaidi. Lazima maji yote yatoke, mpaka tone. Bosi aliyasikia hayo akiwa anaelekea garini, akasema, "Yalla, Omar, mwaga. Tusije tukapoteza yote," akaenda zake kazini.

Mwaga. Nilikuwa nimesikia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na umri ule methali nilizichukua kama sheria za polisi. Niliingia ndani ya karavani nikafunga mlango kwa komeo.

"Rukia," Baba aliita. "Fungua."

"Sifungui."

"Wafanya nini humo?"

"Nakaa."

Nikasikia Mwangi akisema, "Mwache kidogo. Hata ng'ombe akikataa kutoka zizini hatumvuti kwa mkia."

"Binti yangu si ng'ombe."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimesema usimvute."

Nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye kabati la sinki, mkono juu ya mfereji kana kwamba ningeweza kuwazuia kwa hapo. Kisha karavani ikainama kidogo upande wa mlangoni. Baba alikuwa amekaa kwenye kidaraja.

"Nami sitaki," alisema.

Niligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Wadhani nimeyavuta maji haya toka Jeddah kwa nini? Bosi alijua. Mwangi ajua sasa. Sitaki, mama. Ile chupa nimeiona kama ulivyoiona. Tukiyang'ang'ania yatatuvunjia kila kitu, na kukipambazuka hatutakuwa na maji wala tangi." Akashusha sauti. "Hatutayamwaga ovyo. Mamako hakupenda maji yaende bure. Kila ndoo utaniambia wewe iende wapi."

Nilifungua komeo.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mwangi alilala chini, mahali pale pale Mama alipokuwa akilala, akafungua lile tundu la chini, na maji yakaanza kutoka kwa mkupuo mnene uliometa. Baba alikinga ndoo, mimi nikatoa amri. Ndoo ya kwanza iende kwenye mwarobaini wa langoni. Nyingine kwa mzee wa jirani anayefuga njiwa. Nyingine wapewe paka, na Baba akasema paka hawawezi kunywa ndoo nzima, nikasema watajua wenyewe. Madam alitoka na birika lake mkononi. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, sijui kwa nini, na alisimama kwenye foleni nyuma ya ndoo kama mtu yeyote.

"Nipe kidogo, Rukia."

"Ni ya zamani, madam," Baba alisema kwa aibu.

"Nitayachemsha," madam akajibu, akangoja mpaka birika likajaa.

Ndoo ya mwisho Baba aliiomba yeye. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha adhiniwa, akachuchumaa kando ya ukuta akatawadha. Akanawa mikono, akasukutua, akaosha uso. Mimi nilikuwa nimejifunza udhu mwaka ule na nilijivunia kuujua, kwa hiyo nilimtazama kama mkaguzi. Akaosha uso, akaosha tena, akaosha tena, akaendelea.

"Baba," nikamwambia, "ni mara tatu."

"Nimesahau nilipofika," alisema, na mikono yake haikutoka usoni.

Mwangi aliiwasha mashine ya upepo kwa kelele, akajifanya kushughulika na mpira wake.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kufukuza matone. Upepo uliingizwa kwenye bomba la nje, polepole, kwa sababu ukizidi nao unapasua, nami nikawa nafungua mifereji mmoja mmoja kadiri Mwangi anavyoita. Bafu. Wa moto. Wa baridi. Mifereji ilikohoa kama wazee, ikatema, ikakohoa tena, mpaka ikabaki kupumua tu. Sinki dogo aliliacha la mwisho bila mimi kumwomba. Nilikinga kifuniko changu cha chai. Yalitoka matone ya kulowanisha ulimi, nikayanywa, na nikaapa moyoni kwamba yalikuwa na ladha ya Mama.

Kisha Mwangi akamimina kwenye matundu ya sinki na bafu dawa yake ya rangi ya waridi, isiyoganda. "Hii si ile ya rejeta ya gari," alituhakikishia, "ile ingewaua. Hii ni salama." Mimi niliichukia. Ilikuwa na rangi ya sharubati ya harusi, imejikalia kwenye mabomba ya Mama kama mke mpya.

Baridi ile ilipita usiku na kesho yake, na kesho kutwa. Al-Shumaisi, Mwangi alituhadithia, gereji ilijaa karavani zenye pampu zilizopasuka. Yetu ilibaki nzima. Na mimi sikuingia tena humo ndani. Mlango ulikuwa wazi, lakini niliona hamna wa kumtembelea.

Jangwa lilipoanza kupata majani yale mafupi ya baada ya mvua, bosi akataka kwenda kupiga kambi. Asubuhi hiyo Baba alinituma mkate. Si duka la karibu. Alitaka mkate wa tamisi, ule bapa mpana, wa tanuri la barabara ya mbali, kule kwenye foleni, na alisisitiza nisubiri wa moto. Niliporudi nimeukumbatia, tangi lilikuwa tayari limejazwa, na Baba alikuwa anasimama kutoka chini ya karavani.

"Kajaribu mfereji wako," alisema.

Niliingia kwa uzito. Nikafungua. Pampu ikanguruma, maji yakatoka meupe, na kabla sijainama ile harufu ikanijia yenyewe, nzito, tamu, ya uani kwetu Al-Safa. Nilitoka mbio mpaka nikaangusha mkate.

"Bado yumo," nilimwambia Baba. "Tumemwaga yote na bado yumo."

Baba aliuokota mkate, akaupulizia mchanga. "Nilikwambia mimi," alisema. Hakuwa ameniambia kitu.

Na ikawa hivyo kila mwaka. Baridi ikikaribia tunatoa maji, tunafukuza matone, Mwangi anamimina waridi yake. Baridi ikiondoka natumwa mkate wa mbali, narudi, nafungua mfereji, na Mama yumo. Nilikua nikiamini hivyo bila kumwambia mtu, hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuona haya. Nikaacha shule, nikajifunza cherehani. Bosi akaiuza karavani, Baba akazeeka, akarejea Mombasa. Mimi nimebaki hapa Malaz, nashona abaya dukani, na nina ndoto moja ambayo wenzangu wanaicheka kwa upendo: siku moja nitakuwa na karavani yangu ndogo yenye dirisha la pembeni, niuze chai na mahamri, na maji yangu ya chai yawe yamefukizwa.

Ndiyo sababu ya ile mistaka. Nilitaka kujizoeza. Nilifukiza dumu, nikatia maji, na siku hiyo chumba kizima kilikuwa Jeddah. Siku ya tatu nilinusa tena. Maji. Nikaona nimekosea, nikarudia, mistaka maradufu. Wiki haikwisha. Maji tu.

Nilikaa kitandani na dumu mapajani. Kama harufu haifikishi wiki, basi yale maji tuliyoyavuta toka Jeddah, niliyokuwa nikiyanusa miezi yote ile, hayakuwa na harufu ya mistaka hata kidogo. Yalikuwa yananuka plastiki, na pua yangu ndiyo iliyoongeza lililobaki. Na tangi lililolala tupu baridi nzima lilipata wapi mistaka kila mwaka? Hapo ndipo nikaukumbuka mkate. Nikaukumbuka ule umbali, na ule moto wa kusubiriwa, na mgongo wa shati la Baba uliojaa mchanga kila niliporudi, nami kila mara nikiupangusa bila kuuliza.

Nilimpigia simu. Nilisikia redio nyuma yake, na mtu anauza samaki.

"Baba," nilisema, "nimefukiza dumu kwa mistaka. Harufu haikai."

Alizima redio. Kisha akauliza, taratibu, kama fundi anayemuuliza fundi:

"Ulilikausha?"

"Nililimwaga tu, nikatia moshi."

"Ah. Hapo ndipo. Likiwa na tone hata moja moshi haushiki. Litoe lote, mama. Liache wazi lipigwe na upepo mpaka ndani kukauke kabisa, usilionee huruma. Ndipo ufukize." Akakohoa kidogo. "Hata likikauka, haikai sana. Ni ya kurudiwa."

"Wajuaje wewe?"

"Nilimwona mamako," Baba alisema, kisha akaniuliza kama Riyadh kushaanza baridi.

Nilimwambia bado. Dumu liko dirishani sasa, mdomo wazi, linakauka.